Siku Nilipomwita Baba kwa Jina Lake

Nilipokuwa mtoto, baba yangu alikuwa mtunza taa katika mnara wa kuongozea meli, kwenye kisiwa cha Makatumbe, nje kidogo ya bandari. Sie tulikaa Temeke, mimi, mama na bibi mzaa baba. Baba alikuwa akikaa kisiwani wiki mbili, kisha anarudi nyumbani wiki moja akinuka mafuta ya taa. Bibi alikuwa na katazo moja: mtu aliyeko kule haitwi kwa jina.

"Ukimwita," alisema, "hujui nani ataitika."

Safari moja zamu yake iliisha asirudi. Siku nne zikapita. Mama akaacha kula. Alasiri ya siku ya tano shangazi alinichukua kwenda Kigamboni. Akapanga foleni ya sukari duka la ushirika, mie nikateremka ufukweni. Mnara ulionekana mbali, mweupe, mdogo kama jino. Niliona kuita "Baba" hakutoshi, maana akina baba ni wengi. Nikavuta pumzi, nikaita kama wanavyoita watu wazima:

"Salumu!"

Nikasikia, "Naam!"

Umbali ule hata king'ora hufika kwa taabu. Nilikimbia mpaka kwa shangazi bila kugeuka nyuma.

Jioni, nyumbani, nilimweleza bibi. Hakunipiga.

"Umeita mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na kaitika?"

"Kaitika, bibi."

Akakaa chini sakafuni, akalia. Sikuwahi kumwona akilia.

Kesho yake asubuhi baba aliingia, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Kumbe boti ya kuwabadilisha zamu iliharibika. Na jana yake alasiri alikuwa juu kabisa akifuta vioo, ameegemea uzio wa chuma.

"Nikasikia mtoto ananiita, Salumu! Nikaitika, nikageuka nishuke nikamtazame. Mguu ukakosa ngazi, nikaangukia mkono. Bado niko pale chini, ule uzio ukang'oka kwa kutu, ukaenda mpaka kwenye mawe."

"Alhamdulillahi," mama alisema. "Mtoto kakuokoa."

"Kamvunja mkono," bibi akajibu. "Asingemwita, asingeanguka."

Walibishana huku nimesimama katikati yao. Sikujua kama nitachapwa au nitakumbatiwa, na siku ile hakikutokea chochote kati ya hivyo viwili.

Nilikua, nikawa mwalimu wa jiografia. Najua vizuri kwamba sauti ya mtoto haivuki maji yale. Lakini niliita, na aliitika. Bibi alipofariki, siku ya arobaini, nilipata ujasiri wa kumwuliza baba kama ile ilikuwa sauti yangu.

"Ilikuwa ya mtoto," alisema. "Ila ya kwako, mwanangu, sikuitambua."

Kisha akanisogezea kifungo cha shati nimfungie, maana mkono ule uliovunjika haukukunjika vizuri tena. Nikamfungia. Nikasema, "Pole, baba." Papo hapo nikashindwa kujua nampa pole ya nini, na mpaka leo sijajua.