Nilizusha kwamba kuku wa mke wangu wananuka gesi

Wakuu, kwema humu ndani?

Hiki ninachoandika nilikifanya mwenyewe, na ni cha aibu. Sitajipamba. Mkinitukana nitasoma yote.

Nafuga kuku hapa Utemini, Singida mjini, mwaka wa saba sasa. Vifaranga nilikuwa nawapasha joto kwa jiko la mkaa. Wanaoujua upepo wa kwetu mwezi wa sita na wa saba watanielewa. Mkaa unazimika alfajiri, asubuhi unakuta vifaranga wamelaliana kwenye kona, wa chini wameshakufa.

Nilishazoea. Nilidhani ndiyo ufugaji wenyewe.

Mke wangu, mama Neema, ni fundi cherehani. Mwaka jana akaniomba nusu ya banda na yeye ajaribu. Nikamwachia huku nacheka.

Akaleta mtungi wa gesi na bruda, ile kama sufuria ya bati iliyopinduliwa, unaining'iniza juu ya vifaranga, joto linashuka chini.

Nikamwambia, "Mama Neema, gesi ni ya kuchemshia chai, siyo ya kubembelezea kuku."

Akaiwasha. Vifaranga wakijikusanya chini ya bruda anaongeza moto, wakikimbilia pembeni anapunguza. Basi.

Wiki ya tatu wa kwake walikuwa wanakimbizana banda zima. Upande wa pili wa wavu uliogawa banda, mimi naokota mizoga.

Siku moja akaja mzee kutoka Ikungi anatafuta vifaranga. Nikampa shikamoo, nikamletea kiti, nikaanza kumsifia wa kwangu. Akanisikiliza vizuri tu, halafu akasema, "Ahsante mwanangu. Ila mimi nimemfuata mama. Yupo?"

Wakuu, huyo mwanamke nilimfundisha mimi namna ya kushika kifaranga!

Mke wangu alivyotoka wakaanza kusalimiana Kinyaturu, lugha ya kwao, wanacheka, mimi nimesimama pale kama mgeni kwangu. Nilisikia kitu kinanichoma kifuani, serious.

Jioni hiyo kijiweni kwenye kahawa, jamaa mmoja akawasifia kuku wa mama Neema. Nikajikuta nimeshasema, "Wazuri kwa macho tu. Ile gesi inaingia kwenye nyama. Ukimchemsha unaisikia harufu."

Wakaniamini, maana nani ajue kama siyo mume? Nikaongeza chumvi.

(Niseme hapa hapa: ni uongo mtupu. Gesi inaungua kwenye bruda, kinachomfikia kifaranga ni joto. Nilijua kabisa.)

Maneno yakatembea. Yule mzee wa Ikungi akapiga simu kwamba ameahirisha kuchukua vifaranga. Mama mmoja wa mgahawa akaacha kuchukua kuku kwa mke wangu. Nilifurahi, sitaficha.

Furaha ikakata pale mteja wangu mwenyewe, wa siku nyingi, aliponiambia, "Kaka, banda moja, nitajuaje yupi wa gesi na yupi wa mkaa?"

Lakini hilo silo lililonivunja.

Asubuhi moja naingia bandani, namkuta mke wangu amepiga magoti na bakuli la povu la sabuni. Anapaka kwenye kila kiungo cha mpira wa gesi, anaangalia kama kuna mapovu, atafute inapovuja. Haivuji popote.

Akachukua kifaranga mmoja, akaninyooshea.

"Baba Neema, hebu mnuse. Mimi pua yangu labda imeshazoea."

Nikamnusa. Alinuka pumba.

Nikakaa chini, nikamwambia yote, kuanzia kiti cha mzee mpaka kijiweni.

Hakupiga kelele. Akamrudisha kifaranga chini ya bruda, akasema, "Nimebadilisha ule mpira mara mbili."

Siku mbili hakuongea na mimi. Ya tatu akachinja jogoo wake mkubwa, akamchemsha na chumvi tu, akamtia kwenye hotpoti. "Twende kijiweni."

Pale mbele ya wote akafungua. Mvuke ukapanda, watu wakasogeza pua. "Mwenye maneno aanze kula," akasema.

Nikala. Nikawaambia, "Hakuna harufu, haikuwahi kuwepo. Nilimwonea wivu mke wangu." Walinicheka mpaka machozi. Hotpoti ikaisha, jamaa wananisukuma pembeni kugombea mchuzi.

Wateja wamerudi, siyo wote. Yule mzee hajarudi mpaka leo. Na mimi sasa nalelea vifaranga kwa gesi, nimefundishwa na mke wangu.

Nilichojifunza: nilikuwa namuonea wivu mtu tunayekula naye sahani moja. Kila nilichomharibia kilikuwa changu pia, ila wivu haukunipa nafasi ya kuliona hilo.

Na nisiwadanganye kwamba umeisha. Jana kaja mtu, kaniuliza, "Mama yupo?" Kile kitu kikanichoma tena kifuani, kidogo. Nikaenda kumwita.

Wanaume mliopitwa na wake zenu kwenye kazi mliyowafundisha nyie, mnaishije nalo? Na kina mama, mngekuwa nyie mngenisamehe? Semeni, nipo nasoma.