Siku Koko Feza Alipoinuka Kitini

Hadi leo nikipita sokoni hapa Kasongo wananiita "Dokta Mbuzi", nami naitika, maana mtaa mzima ulikuwepo.

Kituo cha afya kilipata kiti kimoja cha magurudumu, apewe mzee asiyejiweza kuliko wote, basi wajitolea wawili, mimi na Amisa, tukatumwa kuwauliza wazee maswali yale yale: unaoga mwenyewe, unapika, unachota maji? (Mimi nilishajiona nimevaa bluzi nyeupe ya daktari.) Koko Feza, bibi kizee wa mtaani, nilimuuliza uani kwake, wake za wanawe wamemzunguka, akanikodolea macho: "Mimi nipike, na bibi za batoto yangu iko hapa? Siwezi!" Maji, siwezi, kufua, siwezi. Nikaandika hajiwezi kabisa. Jirani yake, mzee Tata Saidi, anayeishi peke yake, aliniambia anaweza yote. Amisa akaja na majibu kinyume: alimkuta Koko shambani amebeba kuni, na Tata Saidi akitambaa kwenda chooni. Akasema turudi tukawatazame, lakini mvua ilikuwa imefunga na mimi nina viatu vipya, nikamwambia, "Dada, mimi niliuliza vizuri."

Siku ya kutoa kiti, uani kwa Koko, watu wamejaa, mwenyewe ameketishwa kitini, nami nahutubia habari za "mama yetu asiyeweza hata kusimama", mara mbuzi akaingia kwenye mpunga wake ulioanikwa. Koko aliruka, akanyakua mchi, akamkimbiza mbuzi hadi nyuma ya kanisa!

"Kiti iko na dawa!" mtu akapiga kelele. "Na mimi munikalishe!"

Koko akarudi anahema. "Mutoto wangu, ulitaka niseme napika, mbele ya bibi za batoto yangu? Watu wangesema wamenitupa."

Infirmye, muuguzi wa kituo, hakucheka. "Na Saidi iko wapi?"

Nilikisukuma kiti mwenyewe, kitupu, watoto nyuma yangu wakilia mee, mee. Tata Saidi alikuwa chini, mlangoni pake.

"Mimi naweza," akasema.

"Najua, Tata. Ni cha kupumzikia tu."

Akaangalia watoto, nikawafukuza. Ndipo akaninyooshea mikono nimwinue.

Siku hizi simuulizi mzee kama anaweza kuchota maji. Nabeba ndoo yangu, namwambia twende wote, na viatu vizuri naviacha nyumbani.