Mashua ya Watoto Haifuatwi

Marjorie Birkett alikuwa na miaka sitini na tisa, na katika miaka hiyo yote hakupata kulala nje ya Skelmere, kijiji cha kando ya ziwa huko Uingereza, zaidi ya majuma mawili kwa mkupuo. Alizaliwa katika nyumba iliyo juu ya banda la mashua, akaolewa na fundi wa kuta za mawe aliyekubali kuhamia kwake, akamzika, na asubuhi iliyofuata mazishi akafungua banda saa mbili kamili. Majirani walimwona mkavu. Hakujisumbua kuwajibu.

Kazi yake ilikuwa kukodisha mashua kumi na moja za tanga, zote za mbao, zote zimeundwa na baba yake. Lakini wateja wake wengi hawakuletwa na mashua. Waliletwa na vitabu. Waingereza wa rika fulani walilelewa na hadithi zile za watoto wanaopelekwa likizo mahali penye maji. Mjomba ana shughuli zake, mama anaumwa kichwa, na watoto wanaachiwa mashua, hema na mkate. Wanagundua pango, wanamnasa mwizi, wanarudi kabla chai haijapoa. Mtu akizisoma hizo akiwa na miaka tisa, haponi. Anakua, anakuwa mhasibu au daktari wa meno, anaoa, na mwaka ambao mtoto wake anafikisha umri ule ule anampakia garini na kumleta Skelmere.

Marjorie naye alizisoma utotoni, zote zilizokuwamo kwenye kabati la shule, na macho yake yalikuwa wazi. Humo ndani mtoto wa mwenye banda hakuwa shujaa. Alijitokeza ukurasa wa arobaini akileta maziwa, akasema maneno mawili kwa lafudhi ya kuchekesha, akaondoka. Wasichana walimwagiwa sifa na kuachiwa vyombo vya kuosha. Mwenye jina la kigeni alikuwa mwizi kabla hajafungua mdomo. Marjorie hakuyatetea hayo hata siku moja. Alizila hadithi zile kama alivyokula samaki wa ziwani: nyama akameza, miiba akatema. Na nyama yenyewe, alivyoona yeye, ilikuwa kitu kimoja. Mtu mzima hayupo. Si kwamba amekufa, wala si kwamba hajali. Anajua, anawapenda, na amejizuia. Watoto wa kila zama wanakitamani kitu hicho na hawajui namna ya kukiomba. Ndiyo maana vitabu vyenye karatasi ya manjano bado vinasomwa mpaka jalada linang'oka.

Kwa hiyo banda lilikuwa na sheria mbili, alizoachiwa na baba yake. Ya kwanza, hakuna mtoto atokaye peke yake kabla hajaipindua mashua kwa makusudi mbele ya gati, amevaa nguo zake zote na jaketi la kujiokoa, kisha akaiinua mwenyewe bila kushikwa mkono. Ya pili, mtoto aliyefaulu akishapita boya la kwanza, mashua ya mtu mzima haimfuati, ila kwa hatari ya kweli. Na wa kusema kwamba hii ni hatari ni mwenye banda, si mzazi. Mzazi husaini kwanza. Asiyetaka kusaini, uwanja wa gofu uko ng'ambo ya pili.

Agosti moja alifika Adrian Pelham, msanifu wa majengo kutoka Reading, na wanawe wawili: Laurie, mvulana wa miaka kumi na miwili, na Tabitha wa miaka kumi. Mkewe angefika Jumamosi. Adrian alishuka garini amevaa kofia ya nahodha, na mkononi alikuwa na kurasa nne zilizofunikwa plastiki, kila saa ya likizo imeandikiwa jambo lake. Alikuwa ameshafukia kopo la sarafu za chokoleti kisiwani. Tena alikuwa ameshapatana na Keith, mpwa wa Marjorie aliyetengeneza injini pale bandani, kwamba saa nane na nusu mchana atokeze vichakani na ndevu za bandia awe mlanguzi wa magendo.

"Ndevu zenyewe ziko wapi?" Marjorie alimwuliza mpwa wake.

"Anazo yeye, shangazi. Kanunua huko huko kwao."

"Una miaka arobaini na miwili, hujawahi kukubali kunyoa hata kwa harusi ya dada yako, leo unavalishwa ndevu juu ya ndevu."

Keith alijitetea kwamba pauni thelathini ni pauni thelathini. Shangazi yake akamwambia kwamba ndevu zile hazitapanda mashua yoyote ya Birkett, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku ya kwanza familia ilitoka pamoja, Adrian akishika usukani. Alipiga filimbi ya nahodha, akawapa watoto vyeo, akawaonyesha mahali pa kushangaa. Walirudi saa kumi. Yeye uso ulikuwa unang'aa. Watoto walibeba kopo lile kama watu waliotumwa dukani. Wakati wa kufunga kamba, Marjorie alimwuliza Tabitha ilikuwaje, na binti akajibu kwamba ilikuwa nzuri, kwa sauti ile ile ambayo watu wa kwao huitumia kusifu chakula kibaya nyumbani kwa mtu. Marjorie akamwuliza kesho angependa nini.

Tabitha alimtazama baba yake, aliyekuwa ameinama analipiga picha kopo.

"Nataka twende tena," alisema. "Ila baba asije."

Adrian alisikia. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Asubuhi alikuja bandani mapema, peke yake. Alisema ameingoja likizo hii miaka thelathini. Kila alichofanya amekifanya kwa ajili yao. Hata hema ni la rangi ile ile aliyoiwaza akiwa mtoto. Marjorie, aliyekuwa anapaka lami kwenye ufa wa mbao, alimwacha amalize.

"Ulipokuwa unavisoma vile vitabu, Bwana Pelham, humo ndani wewe ulikuwa nani? Ulikuwa baba?"

Adrian aliivua kofia yake ya nahodha.

"Baba hana ukurasa. Anatuma barua moja, anakaa mbali. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote za humo, na hakuna aliyejisumbua kuiandika."

Adrian akasaini karatasi ya sheria. Alisaini kwa herufi ndogo sana, lakini alisaini.

Jaribio la kupindua lilichukua nusu siku. Laurie alifaulu mara ya pili. Tabitha alishindwa mara mbili. Mara ya tatu midomo imekuwa ya samawati, Keith akamnyooshea mkono, naye akaupiga kibao. Mashua ikainuka, maji yakimwagika pande zote, na msichana akaangukia ndani kama gunia. Marjorie alimwandika kwenye daftari bila kumsifu. Sifa, kwake yeye, ilikuwa kuandikwa.

Alhamisi saa nne asubuhi wakatoka, wawili tu, katika mashua yenye tanga jekundu. Walikuwa na mikate ya mayai, keki ya tangawizi, blanketi na chupa ya maji. Simu ya Laurie ilibaki sandukuni, kwa kuwa kisiwani haishiki mtandao na mtu akiwa na simu isiyoshika huitazama hiyo badala ya kutazama maji. Waliahidi kurudi saa saba mchana.

Saa sita upepo ulishuka kutoka mlimani. Wenyeji wanaujua: hauna wingu, haubishi hodi. Katika dakika kumi ziwa lilikuwa limeota meno meupe kutoka gati mpaka kisiwani, na kati ya hapa na pale ilikuwa nusu kilomita. Upande wa pili wa kisiwa, nyuma ya miti, maji yalikuwa yametulia. Na mtoto aliye huko angeweza kudhani kwamba dunia nzima imetulia.

Adrian alikuja mbio kutoka hemani.

"Nipe ufunguo wa boti ya injini, Bi Birkett."

"Sikupi."

"Wale ni wanangu."

"Najua. Wangekuwa wa jirani ningefikiri mara mbili, maana ungekuwa na akili."

Hakusema hivyo kwa kupuuza hatari. Keith alikuwa tayari ameketi kwenye boti, injini inanguruma, kamba ameishika mkononi badala ya kuifunga. Marjorie alimweleza Adrian kipimo chake kwa maneno machache. Wakitoka nje ya miti na tanga juu, yeye na Keith wataondoka sekunde hiyo hiyo. Wakiliteremsha, haondoki mtu. Kisha akainua darubini.

Saa saba kasorobo tanga jekundu lilipanda juu ya miti.

Keith alimtazama shangazi yake. Tanga lilitetemeka, likajaa upepo, likalala upande. Marjorie aliinua mkono mmoja hewani kumzuia. Yeye mwenyewe alipinduka mbele ya kisiwa kile akiwa na miaka kumi na mmoja, mwezi wa Oktoba. Alihangaika na mashua mpaka ikainuka, na wakati wote huo aliona baba yake amesimama tu kule ufukweni. Alimnunia siku mbili. Ya tatu shangazi yake alimwambia akaitazame suruali ya baba yake kwenye kamba ya kuanikia: ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Mzee alishaingia majini, akafika mahali fulani, akajilazimisha kusimama. Marjorie alikuwa na miaka hamsini na kitu ndipo alipojua uzito wa hatua ile ambayo baba yake hakuipiga.

Tanga likaanguka. Halikushushwa vizuri, lilianguka kama nguo iliyokatika kwenye kamba. Katika darubini watu wawili wadogo waliruka majini, wakaivuta mashua juu ya mawe.

"Zima injini," Marjorie alimwambia Keith.

Hapo ndipo Adrian alipokasirika kweli. Maadamu wako salama, alisema, kwa nini wasiletwe? Boti ingefika kwa dakika nne. Wamelowa, mikate imekwisha, na saa waliyoahidi ndiyo hii. Alisema ataandika kwa halmashauri. Alisema Marjorie ni bibi kizee anayecheza na roho za watoto wa watu ili kulinda ukaidi wa marehemu baba yake.

Marjorie aliyapokea yote amesimama.

"Wamejiokoa wenyewe," alisema. "Ukienda sasa, huendi kuwaokoa. Unakwenda kuwapokonya."

"Wewe huogopi?"

"Naogopa. Lakini hofu si ruhusa."

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, tunasema sisi, na tunadhani kuchelea huko ni kumnyima kiboko tu. Kumbe hata kumkimbilia kabla hajaita ni kuchelea. Adrian alikaa kwenye kreti. Alisimama. Alitembea mpaka mwisho wa gati na kurudi, mara nyingi hata Keith akaacha kuhesabu. Keith alimletea chai, akamwambia kwamba akikosa kabisa cha kufanya, ndevu ziko kwenye droo na hazijavaliwa. Adrian hakucheka, ila aliipokea chai. Saa tisa moshi ulipanda kutoka kisiwani, mwembamba, ukakatika, ukarudi mnene. Marjorie alimpa darubini. Aliutazama moshi ule mdogo kwa muda mrefu, na mabega yake yakashuka.

Upepo ulikata karibu saa kumi na moja. Walirudi kwa makasia, tanga limekunjwa miguuni, Laurie anapiga makasia na Tabitha yuko usukani. Nyuso zilikuwa na masizi. Laurie alianza kusema kabla mashua haijagusa gati, kama mtu aliyeyapanga maneno njiani.

"Tumechelewa saa nne. Kosa la kupandisha tanga ni langu, Bi Birkett. Tuliahidi saa saba, nikasema ahadi ni ahadi. Taby alilishusha."

"Alilishushaje?"

"Alifungua kamba ya tanga, akaikalia nisilipandishe tena."

Marjorie akamgeukia msichana. Tabitha alisema aliona maji meupe mbele ya miti. Aliona heri wavunje ahadi na kuomba radhi kuliko kuitimiza na kuzama. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwana wa watu waliofunzwa, akaomba radhi.

Ahadi lilikuwa jambo kubwa kwa Marjorie kuliko dini, na wote pale walijua.

"Radhi nimeipokea," alisema. "Kesho nahodha ni Tabitha. Wewe Laurie utapokea amri. Umesema kosa lako bila kuulizwa, kwa hiyo utapanda. Usingesema, ungebaki hapa unakwangua rangi na Keith."

Laurie alisema sawa. Ilimwuma, lakini alisema sawa.

Adrian alikuwa na mengi. Alitaka kusema kwamba alikuwapo muda wote, kwamba aliona tanga, kwamba aliuona moto wao. Tabitha alimpita akiwa na kamba mkononi, akapiga magoti, akaifunga mashua kwenye nguzo. Aliifunga vibaya. Fundo lilikuwa legevu, na baba yake, ambaye alijua mafundo yote ya vitabu vile tangu utoto, aliliona mara moja. Mikono yake ilitoka mfukoni. Marjorie alimtazama.

Adrian akairudisha mikono mfukoni.

Tabitha alikwenda hatua tano, akageuka, akaitazama mashua ikivuta kamba. Alirudi, akalifungua fundo, akaanza upya.