Kuku wa Nazi Mbele ya Kofia Ndefu

Tulipokuwa Mombasa majirani walituita Wasabato, kwa sababu Jumamosi hatukufanya kazi wala kuwasha jiko. Baba alieleza mpaka akachoka kwamba sisi ni Wayahudi, mwishowe akawa anaitikia tu. Tukahamia Birmingham, na huku Wayahudi wenzetu wanatuita Waafrika. Anayeniita kwa jina langu ni mwalimu wa hesabu peke yake, na siku zote huwa amekasirika.

Nina miaka kumi na sita na Sabato yetu naipenda, ingawa nikisema hivyo shuleni watanicheka. Juma zima watu wetu ni mafundi cherehani, wauza vitambaa, sonara waliopinda mgongo. Jumamosi wanapita barabarani kwa miguu, suti zimepigwa pasi, hawana haraka na mtu, na basi zikiwapita hawazitazami. Hata mvua ya Birmingham inawanyeshea kwa adabu.

Ndani ya sinagogi wanaume hukaa chini na wanawake juu, kwenye roshani. Huko juu ndiko kwenye starehe. Unaona vipara vyote vya jumuiya, na mimi na Mama tunasengenya kwa Kiswahili bila kunong'ona.

"Yule wa mwisho amelala, Mama."

"Mwache. Anaota yuko macho."

Ila lilikuwepo jambo moja lililomkaa Mama kooni. Tangu tuje, hakuna mtu wa sinagogi aliyekuja kula kwetu. Wao walitualika, tukaenda, tukala. Tukiwaalika sisi: "Siku nyingine, bab." Bab ndivyo wanavyoitana watu wa mji huu wakitaka kukubembeleza. Sababu tuliijua. Sheria zetu za chakula ni nyingi, nyama haichanganywi na maziwa hata tone, na nani ajuaye hao wa Afrika wanapika nini? Jiko la mwanamke wa kwetu likishatiliwa shaka, hata chai yake hunywewa kwa midomo ya juujuu.

Baada ya sala huwa tunakula pamoja ukumbini, na kila Sabato familia moja hupika. Mwaka wetu wa pili zamu ikatufikia.

"Napika kuku wa nazi," Mama akatangaza.

"Si uwapikie kuku wa kuchemsha, walivyozoea?" Baba akasema.

"Wamekula wa kuchemsha miaka yote, na bado wamenuna."

Nazi tulizipata mtaa wa Balsall Heath, kwa Mhindi mmoja aliyetoka Kisumu. Alizitikisa sikioni moja moja kama daktari. "Hii nzuri, mama. Hii ina maji. Hii imeshakufa, iache."

Ijumaa mchana tukapika kwenye jiko la ukumbi. Mama mmoja mnene wa kamati, anayetunza funguo za jiko hilo, alikagua kuku wetu, akachungulia sufuria, akanusa mafuta, kisha akakimbilia kwake kuoka mikate ya Sabato. Alipotoka tu, nikaikalia mbuzi yetu, kile kigoda chenye ulimi wa chuma tulichokuja nacho kutoka Mombasa, nikakuna nazi mpaka mikono ikafa ganzi. Mama akakamua tui, akapika kuku. Kabla jua halijazama tukaweka sufuria juu ya bati, chini yake moto mdogo wa kukesha, maana Sabato ikiingia hatuwashi wala hatuzimi. Vifuu kadhaa vilibaki na nyama yake. Nikavifunika kwa sahani nipate kutafuna kesho.

Kesho yake, sala ikaisha, watu wakashuka ukumbini, divai ikabarikiwa, mikate ikakatwa. Mama akafunua sufuria. Mvuke ukapanda na harufu ya nyumbani, nikaona pua za Birmingham zikigeuka moja baada ya nyingine. Sahani za mwanzo zikaenda kwa wakubwa.

Mkubwa wa wakubwa ni mzee msimamizi wa sinagogi, ambaye Jumamosi huvaa kofia nyeusi ndefu kama bomba la moshi. Akatazama sahani. Akatazama ule mchuzi mweupe uliolizunguka paja la kuku. Akasukuma kiti nyuma.

"Krimu!" akapiga kelele. "Kuku kwa krimu! Ndani ya sinagogi!"

Uma zote zikalala mezani. Mama wa funguo akashika kifua: "Mimi niliondoka! Nilipoondoka maziwa hayakuwemo!"

Mama alisimama na upawa mkononi. Kiingereza chake, ambacho hutosha kumsuta mwuza samaki, kilimkimbia chote. Akanigeukia. "Waambie, mwanangu."

Na mimi, badala ya kuwaambia, nikasema, "Ni maziwa yake mwenyewe, mzee. Tulimkamua kabla hajachinjwa."

Vijana wakaangua kicheko. Mzee hakucheka hata kidogo. Nilipomwona Mama anauma mdomo, na mimi kicheko kikanikauka.

Rabi wetu ni mfupi, hana makuu. Alikuja polepole, akamuuliza Mama kwa upole ni kitu gani. "Nazi," Mama akajibu. "Nazi tupu."

"Nakuamini," akasema rabi. Kisha akaugeukia ukumbi. "Chakula ni halali. Shida ni macho. Wazee wetu wa zamani walipika nyama kwa maji meupe ya lozi, na wakaagiza lozi zenyewe ziwekwe kando ya sahani, ili kila aonaye ajue kwamba si maziwa ya mnyama. Mnayo nazi yenyewe?"

Sikungoja kutumwa. Nilirudi na vifuu vyangu, rabi akaviweka katikati ya meza, kimoja kimoja, kwa heshima ya mgeni rasmi. Watoto wakavigusa. Mmoja akauliza kama vinauma.

Mzee akainama juu ya kifuu. "Kitu kigumu kama jiwe! Haya meupe yanatokaje humu?"

"Ngoja nikuonyeshe," nikasema, nikakamata kisu.

"Sabato, wewe!" Mama akanipiga kofi la mkono. Kweli, kukuna ni kazi, na kukamua ni kazi.

Basi nikamwonyesha bila nazi. Nikageuza kiti, nikakikalia kama farasi na gauni langu la Sabato, nikakuna hewa. Nikajifuta jasho. Nikatia maji ya hewani, nikakamua, nikakunja uso kama Mama anapokamua, maana yeye hukamua kana kwamba nazi imemtukana. Ukumbi mzima ukacheka. Mama wa funguo alicheka mpaka akashika meza. Mama naye akacheka, akanisahihisha: "Mikono karibu zaidi! Hukamui nguo!"

Mzee akakaa. Akaivuta sahani. Akakata kipande kidogo, akakitia mdomoni, na ukumbi ukatafuna naye kimoyomoyo. Akakata kingine, kikubwa. Kisha akachukua mkate akaufuta mchuzi mpaka ua lililochorwa kwenye sahani likaonekana.

"Bab," akamwambia Mama, "kuku amebaki?"

Mama alimpakulia bila haraka, akiwa amenyooka kama malkia anayegawa nishani. Katika maisha yangu sijajivunia mtu kama nilivyojivunia yule mwanamke na upawa wake. Watu wakaanza kuimba zile nyimbo za mezani, wakigonga meza, na sufuria ikakwanguliwa.

Mama wa funguo ndiye aliyekuja mwisho, akivaa glavu zake. "Jumamosi ijayo," akasema, "mimi na mume wangu hatuna pa kwenda. Na mzee huyu tangu afiwe na mkewe anakula peke yake. Nyumbani kwenu mna nafasi?"

Mama alitazama dari kama anayepitia miadi yake mingi. "Itabidi nifikirie," akajibu kwa Kiingereza safi kabisa. "Nadhani ipo."

Halafu akanigeukia, uso haujabadilika hata kidogo, akaniambia kwa Kiswahili:

"Mungu wangu! Viti tutaazima wapi?"