Vidonge vya Mama Dobi

Macho ya Mama Dobi hayakupitwa na kitu: doa kwenye kola, kifungo kilicholegea, mtu aliyeamka vibaya. Kwa hiyo vidonge vyake vya presha vilipoanza kuisha kabla ya wakati, alijua kuna mkono mwingine. Na nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na kitindamimba wake, aliyekuwa mjamzito na miguu imevimba hata ndala haziingii.

Hakuuliza. Aliogopa jibu. Lakini siku ya kliniki aliacha ndoo zake, akavaa viatu.

"Leo twende wote."

"Mama nawe! Mimi mtoto wa chekechea?"

"Tangulia."

Mkunga alipitisha kile kifaa cha picha juu ya tumbo, akakirudisha tena palepale. "Maji ya mtoto yamepungua. Kuna dawa nyingine unatumia, tofauti na zetu?"

"Hakuna," binti akajibu upesi.

Mama Dobi aliushika mkoba wake. Akisema, amemvua mwanawe nguo mbele ya watu. Akinyamaza, je? Akaufungua, akaweka pakiti mezani.

"Hivi ni vyangu. Lakini naona tunavimeza wawili."

"Mama! Umenichongea?"

"Nimekuchongea. Utaninunia tukifika nyumbani. Sasa msikilize dada."

Mkunga alisoma jina la dawa. Hakufoka. "Mwilini kuna vimeng'enya, vitu vidogo mno vinavyogeuza hiki kikawa kile. Hata sabuni yako ya kutoa madoa inavyo, mama."

"Ile ukiitia maji yanayochemka haifanyi kazi tena?"

"Hiyohiyo. Sasa kidonge hiki kinakifunga mikono kimeng'enya kimoja. Kwako, mishipa inalegea, presha inashuka. Lakini mtoto tumboni anakihitaji hicho hicho ili figo zake zikue na zifanye kazi. Na haya maji anamoogelea, mengi ni mkojo wake. Figo zikilala, maji yanapungua."

"Nimemharibu?" binti akauliza, sauti imemkatika.

"Bado sijui. Hivi viache leo leo. Daktari atakupa dawa inayokufaa, kisha tutapima tena."

Walirudi nyumbani. Mlangoni binti akasema, "Nilikuona unapata nafuu, mama. Nikajua na mimi vidonge hivyo vitanifaa."

Maisha yao yote walichangia sabuni, ndala, hata kitanda. Nani angemwambia mtoto huyu kwamba kidonge hakichangiwi? Tangu siku hiyo pakiti ilikaa mkobani, na mkoba begani.

Vipimo vilivyofuata vilionyesha maji yanaongezeka, pole pole. Mkunga alitabasamu, Mama Dobi hakuthubutu. Hata mjukuu alipozaliwa akipiga kelele za kuezua paa, bibi yake alikuwa na swali moja tu: "Amekojoa?"

"Bado, mama," binti akajibu. "Hebu mpakate wewe."

Akampakata, akimkagua kama anavyokagua shuka nyeupe. Ghafla joto likapenya gauni lake la kutokea, likatiririka hadi magotini.

"Mama, gauni! Vua lilowekwe."

"Niache," Mama Dobi akasema, machozi yakimlengalenga. "Hili leo halifuliwi."