Siku Niliyopandisha Pikapu Kilima cha Mtoni

Kuna siku moja, mjukuu wangu, ambayo haijawahi kunitoka kichwani. Nilikuwa bado mke mgeni hapa Shianda. Nilikuwa nimejilaza kitandani mchana kweupe, viatu vyenye matope vikiwa bado miguuni, na nilikuwa nimeapa kwamba sitashika tena usukani wa gari maisha yangu yote.

Simu yako ya juzi ndiyo iliyonikumbusha. Uliniambia kutoka huko Shirere kwamba gari lilikuzimikia katikati ya barabara, wanafunzi wenzako wakacheka, na kwamba masomo ya udereva umeyaacha. Sikukujibu palepale. Nilitaka kukusimulia vizuri, bila haraka.

Babu yako Makokha wakati huo alikuwa na pikapu kuukuu ya rangi ya buluu. Ndiyo iliyotulisha. Aliwabeba akina mama wa hapa na ndizi, viazi vitamu na kuku wao, akawapeleka soko la Mumias na kuwarudisha jioni. Halafu akapanda juu ya paa la jiko la mama yake kubadilisha bati, akateleza, akavunjika mkono. Tukamwajiri dereva, kijana mchangamfu tu, lakini alikuwa akipotea na gari tusijue yuko wapi, huku akina mama wamesimama barabarani na mikungu yao ya ndizi. Mtu mmoja akaja kutoka mjini kulitazama lile gari. Alilizunguka, akapiga magurudumu teke, akasema atarudi. Nikaona Makokha amekwishakata tamaa, yuko tayari kuliuza.

“Mimi nitajifunza,” nikasema. Mpaka leo sijui ujasiri ule niliutoa wapi.

Makokha akaanza kunifundisha kwenye njia ya trekta katikati ya mashamba ya miwa. Babu yako ni mtu mwema, unamjua, lakini kufundisha hajui. Nikiachia klachi anapiga kelele, nisipoiachia anapiga kelele. Gari lilikuwa likiruka kama chura halafu linazima. Wakata miwa wakawa wanaacha kazi, wanasimama na mapanga yao mkononi kunitazama. Mmoja akanibandika jina, Mama Chura, na jina hilo likafika sokoni kabla yangu. Basi siku hiyo niliyokutajia nikaliingiza gari mtaroni. Makokha akashika kichwa kwa ule mkono wake mzima. Wakata miwa wakaja kutusukuma, na hata wakisukuma walikuwa wanacheka. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikaingia chumbani, nikajitupa kitandani.

Mama mkwe wangu akaingia nyuma yangu. Walimwita Mama Peris. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono migumu ya jembe, na hakuwa amewahi kukalia kiti cha mbele cha gari lolote. Akaketi kando ya kitanda, akanivua viatu kwanza, kimoja kimoja, kama anavyovuliwa mtoto. Kisha akaniuliza:

“Umeogopa gari, ama umeogopa kuchekwa?”

Nikamjibu: “Kuchekwa, mama.”

“Basi gari haina makosa. Watu huchekanga tu. Mimi nilipoolewa hapa, obusuma yangu ilikuwa na madonge, wakanicheka mpaka nikaenda kulia nyuma ya zizi. Leo wakiwa na matanga, ni nani wanamuitanga akuje kuwasongea ugali?”

Sikuweza kujizuia, nikacheka na machozi yangu. Naye akainuka, akatoka nje, nikamsikia akimwambia mwanawe: “Wewe Makokha, usiingie kwa hiyo gari tena mpaka mkono upone. Kelele yako ndiyo inazimanga injini.”

Siku iliyofuata akamleta Mzee Rajabu kutoka Matungu, dereva wa lori aliyestaafu, rafiki wa marehemu baba mkwe wangu. Alitusalimu kwa salamu za Kiislamu, akasema chai itasubiri, akaingia garini. Asubuhi ile yote hatukwenda popote. Aliniambia nivue viatu, niwashe injini, halafu niachie klachi polepole kwa mguu mtupu mpaka nihisi gari linataka kuondoka. Nikilihisi, nikanyage tena. Tukafanya hivyo mpaka mguu ukaniuma.

“Hapo,” akawa ananiambia kwa sauti ya chini. “Umesikia? Hapo ndipo gari inakuambianga iko tayari. Usiipite mbio.”

Nikakata leseni ya mwanafunzi. Tukaanza kwenda mpaka kanisani, halafu mpaka barabara kubwa. Alikuwa hanisifu wala hanigombezi. Nikikosea, anasema, “Tena.” Hatimaye akaniambia niwaite akina mama na mizigo yao, siku ya soko twende Mumias.

Wengine walikataa kupanda. Nani angempa Mama Chura ndizi zake? Mama Peris alipoona hivyo akafunga leso yake vizuri, akapanda mbele, akaketi katikati yangu na Mzee Rajabu, akawaambia, “Mimi naenda.” Basi wachache wakapanda nyuma. Kumbe alipoketi ndipo penye mkono wa gia, na kila nilipobadilisha gia nilimgonga goti. Jioni ndipo nilipoona goti lilivyovimba, nikalikanda kwa maji moto huku nikiomba msamaha, naye akiniambia niache kujisumbua.

Tulikwenda vizuri hadi kile kilima cha kutoka mtoni. Mbele yetu trekta ya miwa ikasimama, nami nikasimama. Ilipoondoka, nikaachia klachi kwa pupa. Gari likazima. Nikawasha, likazima tena na kurudi nyuma kidogo, akina mama wakapiga mayowe. Nyuma yetu palikuwa na magari mengi, na yote yakaanza kupiga honi.

Mzee Rajabu akavuta handibreki, akashuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Akina mama wakaruka chini na vikapu vyao. Mama Peris naye akashuka, nikabaki peke yangu mle ndani, nimeung'ang'ania usukani.

Dereva mmoja wa lori akatoa kichwa dirishani. “Mama, toa hiyo gari ama uende ukapike!”

Nikamwona Mama Peris kwenye kioo, akienda moja kwa moja mpaka mlangoni pa lori. “Wewe,” akamwambia, na sauti yake ikafika mpaka kwangu, “ulizaliwa umeshika steringi? Mama yako alikungoja mpaka ukajua kutembea. Na wewe ngoja!”

Watu wakacheka, lakini mara hii hawakunicheka mimi. Honi zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mzee Rajabu akainama dirishani kwangu. “Sikia gari,” akasema. “Hawa waachie mama yako.”

Nikavua viatu. Nikaachia klachi taratibu mpaka nikahisi lile gari linatetemeka chini ya unyayo wangu, likitaka kwenda. Nikakanyaga mafuta, nikashusha handibreki, na gari likapanda! Likapanda, mwanangu, wala sikusimama mpaka nilipofika juu kwenye tambarare. Huko nikaliegesha, nikalia peke yangu kwa furaha. Kwenye kioo niliwaona wakipanda kilima kwa miguu, akina mama wakipiga vigelegele, na mbele yao Mama Peris, akichechemea na goti lake, akipiga makofi.

Lile gari halikuuzwa. Mkono wa Makokha ulipopona, akataka usukani wake, lakini abiria wakasema wao wamezoea dereva wao. Nikaendelea. Mama Peris nilimpeleka kanisani kila Jumapili kwa miaka mingi, na alipougua nikampeleka hospitali Kakamega, yeye akiniongoza kana kwamba ndiye aliyenifundisha. Na labda ndiye.

Sasa nisikilize. Unapoanza jambo jipya, jiulize kwanza ni nini hasa unachokiogopa. Kama ni kazi yenyewe, tafuta mwalimu mtulivu, na ukiona mwalimu anakuvuruga, mbadilishe bila kumchukia. Kama ni kicheko cha watu, basi kiache kipite, maana wanaocheka wana shughuli zao na watakusahau kabla ya chakula cha jioni. Usione aibu kukaa mahali pamoja ukirudia kitu kidogo. Na ukimpata mtu anayekubali kuketi kando yako wakati bado hujui, mshike sana. Jumatatu rudi darasani. Mimi nitakuja, nitaketi nyuma, na nitanyamaza.

Mungu akupe mikono tulivu na moyo usiokimbia. Akufikishe salama kila uendako. Na ukishakuwa hodari, siku ukiwa nyuma ya mtu ambaye gari lake limezima kilimani, akupe subira ya kumngoja.