Ukungu Kwenye Skrini

Dereva wa Mama Mapazia aliliingiza gari kwenye banda la fundi kwa mwendo wa kunyata, mpaka fundi akauliza kama limeishiwa mafuta. Halikuwa limeishiwa kitu. Ndivyo alivyoendesha siku hizi, na ndiyo maana watu wakambandika jina la Taratibu. Jina lenyewe alilipenda. Wenye magari waliwaambia madereva wao wajifunze kwake, naye akawa anaitikia kwa kichwa, utadhani mwendo ule alikuwa ameuchagua mwenyewe.

Gari lilikuwa jipya. Mama Mapazia, mjane mwenye karakana ya kushona mapazia, alilinunua ili wajukuu wake mapacha waende shule na kurudi bila shida. Lile la zamani lilikuwa na redio ya vitufe basi. Hili lilikuwa na skrini moja ndefu, inaanzia kwenye usukani na kupinda hadi kwa abiria, na kila kitu kimo humo: ramani, redio, feni, hata picha ya kinachoonekana nyuma ukitia rivasi.

Picha hiyo ya nyuma ndiyo iliyomkosesha Taratibu usingizi. Juzi, akirudi nyuma uani, alisikia buti la gari linapigwa makofi. "Babu! Babu, mimi niko hapa!" Pacha wa kike alikuwa amesimama nyuma ya gari na mkoba mgongoni. Kwenye skrini Taratibu hakuwa ameona mtoto wala mkoba, ameona ukungu tu. Alicheka kwa sauti, akamtania kwamba amekuwa mdogo kama sisimizi, akamfungulia mlango. Kisha akaung'ang'ania mlango huohuo mpaka mtoto akamwuliza kama hawaendi.

Jioni akamwambia Mama Mapazia kwamba skrini inang'aa kupita kiasi, inamrudishia jua machoni.

"Basi kaibandikie protekta, ile karatasi ya kukinga skrini," Mama akasema bila kuinua uso kwenye kitambaa. "Ila tafuta inayoonyesha vizuri. Sitaki gari langu jipya lionekane kama limevaa miwani yenye vumbi."

Hakuuliza zaidi, na Taratibu akashukuru kimoyomoyo. Dereva mwenye macho mabovu ni dereva wa nini? Umri ulikuwa umekwenda, mke wake alimtegemea yeye, na kazi nyingine hakuijua. Kwa hiyo lawama zote aliitupia skrini. Na tusimwonee, aliyaamini maneno yake mwenyewe kuliko alivyoyaamini Mama Mapazia.

"Nina haraka, mwanangu," alimwambia fundi. "Mchana huu nawafuata watoto shuleni."

"Haraka na skrini iliyopinda haviendi pamoja, mzee," fundi akajibu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, chupa ya maji ya kupulizia ikining'inia kiunoni kama bastola. Akaleta protekta ya kioo, ile ngumu, akaipachika. Katikati ilikaa vizuri, lakini pale skrini inapopinda ikainua ukingo. "Unaona? Hii leo imeinuka kidogo, kesho inaingiza vumbi, keshokutwa unakuja kunigombeza. Hii weka kando."

Akaleta ya plastiki laini, inayong'aa, ambayo ilifuata mpindo wote bila ubishi. Hii ndiyo angeipenda Mama Mapazia. Lakini Taratibu alimwahi fundi: "Hapana. Mng'ao. Tatizo langu ni mng'ao."

"Basi ni hii isiyong'aa." Ya tatu ilikuwa na rangi ya maziwa kidogo ukiishika mkononi. Fundi akapulizia maji, akailaza juu ya skrini bila kuigandisha. "Ila mimi sibandiki kabla ya jaribio. Watu wakifika nyumbani wanarudi, oh, kamera haionyeshi, oh, umeniharibia. Nimechoka kubishana. Kaa kwenye usukani, vuta breki ya mkono, tia rivasi. Nasimama nyuma nanyoosha vidole. Ukivihesabu, nabandika."

Taratibu akavuta breki. Akatia rivasi. Skrini ikabadilika, na ule ukungu ukaja, vilevile, kijivu na kitu cheusi katikati.

"Vingapi?" fundi akaita.

Kile cheusi kilikuwa mtu au nguzo? Taratibu akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. "Vitatu!" akasema.

Fundi akaja, akaibandua protekta, akaifuta skrini ikabaki uchi. "Tujaribu bila kitu."

"Ya nini tena? Nimeshakwambia vitatu."

"Mara moja tu, mzee wangu."

Ukungu ulikuwa palepale. Na sasa hapakuwa na protekta ya kusingizia. Sauti ikaita kutoka mahali fulani: "Na sasa?"

"Viwili!"

Fundi akatokea mbele ya gari, si nyuma, akijifuta mikono kwa kitambaa. Uso wake haukuwa na mzaha tena. "Mzee, safari hii sikuwa nyuma. Nilikuwa huku kwenye bomba nanawa mikono. Nyuma kuna pipa langu la taka."

"Ni jua," Taratibu akasema. "Jua linapiga skrini."

"Jua gani humu bandani?"

Taratibu akatazama juu. Mabati yalifunika kila mahali, na gari zima lilikuwa kivulini. Alikaa na mikono kwenye usukani, aibu ikimchoma, na nyuma ya aibu hofu kubwa zaidi: uwanja wa shule wakati wa kutoka, watoto wamezagaa kila upande, na yeye anatakiwa arudi nyuma ndipo ageuze.

"Nikubandikie ipi?" fundi akauliza polepole. "Gari si langu. Nitabandika utakayosema."

Saa ya skrini hakuweza kuisoma, ikabidi aulize. Fundi akamwambia. Watoto walikuwa karibu kutoka.

Angeweza kwenda. Alikuwa amekwenda asubuhi hiyohiyo, na jana, na hakuna aliyejua. Akashika simu, akaiweka, akaishika tena, akampigia Mama Mapazia.

"Mama, nakuomba uende wewe ukawachukue watoto."

"Kwa nini? Gari lina nini?"

"Gari halina kitu."

"Usinifiche, Taratibu. Huyo fundi ameniharibia skrini?"

Njia ya kutokea hiyo hapo, amefunguliwa na mwenye gari mwenyewe. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Fundi alisimama palepale na protekta yake mkononi, akisikia kila kitu.

"Hapana, Mama. Skrini ni nzima. Mimi ndiye sioni."

Upande wa pili cherehani zikanguruma, kisha moja baada ya nyingine zikanyamaza, bila shaka Mama alikuwa ameinua mkono. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini.

"Huoni tangu lini? Tangu gari hili lije?"

Hata hapo angeweza kukubali tu, na mambo yakawa na nafuu.

"Tangu lile la zamani," akasema.

Alisikia kiti kikiburuzwa na Mama Mapazia akipaza sauti aitiwe teksi, upesi, sasa hivi. Kisha akarudi kwenye simu. "Usiliwashe gari hilo," alisema, na simu ikakatika.

Taratibu akamkabidhi fundi ufunguo, akakaa kwenye benchi la wateja, akalia mbele ya watu.